Baiskeli Iliyokataliwa na Fundi

Juma lililopita mliniacha nimekaa kitako katikati ya barabara ya Kisauni, usukani mkononi, huku sehemu iliyobaki ya baiskeli yangu ikiendelea na safari peke yake mpaka mtaroni. Wengi wenu mlicheka. Nimeambiwa. Pale darajani kuna mtu aliyewasomea wenzake gazeti kwa sauti, nao wakamwomba arudie pale nilipoanguka.

Sawa. Chekeni mmalize, kwa maana mambo ya juma hili ni mazito zaidi.

Kwa yule aliyejiunga nasi leo: mimi ni Ngumbao, nakaa Kisauni na mke wangu Dorcas. Mwanetu Gona yuko Chaani kwa nyanya yake. Dorcas hupika mahamri, mimi huyabeba. Hiyo ndiyo ndoa yetu. Baiskeli ile kuukuu ilibeba kila kitu: unga, nazi, mafuta ya taa, maji, wagonjwa, na siku moja mlango wa kanisa.

Shida ni kwamba Kisauni nzima iliiona ni yake. Kila mtu akija kuazima, na kila ikirudi imepungukiwa na kitu. Ndipo nilipochukua pembe ndogo ya paa aliyoiacha marehemu mjomba, nikaizungushia kitambaa chekundu, nikaining'iniza chini ya kiti. Kisha nikatangaza kwamba baiskeli imewekewa kago, na atakayeigusa bila ruhusa yangu atavimba tumbo.

Hapakuwa na kago lolote. Ilikuwa pembe na kitambaa. Lakini tangu siku ile hakuja mtu kuazima, nami nikastarehe.

Basi, nikaingia nyumbani na usukani wangu. Dorcas alikuwa akikanda unga. Akautazama usukani, kisha akanitazama mimi.

"Na baiskeli?"

"Iko mtaroni."

"Ikitoka mtaroni itatembea?"

"Mama Gona, imevunjika shingo."

Akaacha kukanda.

"Jumatatu, Baba Gona," akasema.

Nilijua. Jumatatu ndiyo siku tuliyopewa kuanza kupeleka mahamri kambini kwa askari, upande wa Nyali, kila alfajiri. Mpishi wa kambi alionja, akapenda, akasema tulete. Lakini alitaka yafike ya moto, na kambi iko mbali kwa mtu aliyejitwika beseni. Kisha kuna Mwanamkasi. Huyu ni jirani yetu wa ng'ambo ya kisima, naye hupika mahamri, na kaka yake ana mkokoteni. Alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba sisi tukishindwa, yeye yu tayari.

"Tukikosa Jumatatu, imekwenda kwa Mwanamkasi," Dorcas akasema. "Naweza kumwita ndugu yangu aje abebe. Lakini yeye akibeba, wewe utakuwa ukifanya nini?"

Swali lile liliniuma, siwafichi. Mimi sijui kukanda wala kuchoma. Mara moja niliachiwa karai nikaunguza nyusi. Bila baiskeli, katika nyumba ile mimi ni mtu wa kula tu, na uso wa Dorcas ulionyesha kwamba ameshalifikiria hilo.

"Nitapata baiskeli," nikasema.

"Ipi?"

"Nyingine."

Kusema ni rahisi. Vita vimekwisha, lakini madukani kule kisiwani baiskeli mpya ikiteremka ina wenyewe tayari, na wenyewe si sisi. Tumaini langu lilikuwa kwa fundi Mwidani, mtu wa Likoni aliyehamishia kazi yake Kisauni kwa sababu kule kwao kila mteja alikuwa jamaa yake, na jamaa hawalipi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Huo usukani umekuja peke yake?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka akaingia ndani, akatoka akikokota baiskeli nyeusi iliyoachwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Ina taa. Ina kengele inayolia. Nyuma ina keria pana ya chuma, imara, ungeweza kumkalisha mtu mzima na mtoto wake.

Nilipiga ile kengele. Nikaipiga tena. Mwidani akaniondoa mkono.

"Wataka kuinunua?" akauliza.

"Nataka."

"Siuzi. Pesa zaniisha kabla sijafika nyumbani. Miye nataka vyuma. Wateja wangu waja kutafuta minyororo, rimu, spoki, nami sina, madukani hakuna. Niletee hiyo yako iliyokufa niichinje. Na beberu juu yake."

"Beberu wa nini?"

"Wa kunituliza moyo."

Beberu ninaye, na ni beberu mbaya. Mwezi uliopita alitafuna pindo la joho la kwaya la Dorcas, na Dorcas akaimba Jumapili ile akiwa amesimama nyuma ya wenzake. Nilikubali kabla Mwidani hajafunga mdomo.

Jumamosi asubuhi nikaja. Baiskeli iliyovunjika begani, usukani shingoni, kamba ya beberu mkononi. Watu wa Kisauni wakimwona mtu amebeba kitu kilichopaswa kumbeba yeye, humfuata. Nilifika kwa fundi nikiwa na msafara.

Mwidani akampokea beberu, akamfunga kwenye nguzo. Akashika spana. Akaipindua baiskeli, magurudumu juu, kama mafundi wanavyofanya. Pembe na kitambaa chake chekundu vikamjia puani.

Spana ikaanguka.

"Hiki nini?"

"Pambo," nikasema.

"Pambo jekundu? Chini ya kiti?"

"Fundi, usiguse," sauti ikatoka nyuma yangu.

Alikuwa Kazungu. Huyu ni kijana wa jirani aliyerudi kutoka vita vya Wazungu kule Bama na kofia yake ya jeshi, na tangu arudi hajaivua ila kanisani. Akasogea mbele, akawageukia watu.

"Mimi niliigusa hiyo," akasema. "Nilikwenda nayo matangani Bamburi bila kumwomba mwenyewe. Niliporudi nimevimba tumbo, nalia. Bama risasi zilinikosa zote. Hiyo pembe haikunikosa."

"Na lile fenesi ulilolimaliza peke yako huko matangani?" nikamwuliza.

"Fenesi nakula tangu mtoto."

Watu wakaitikia kwamba kweli, fenesi anakula tangu mtoto.

Mwidani alikuwa ameshakwenda kunawa mikono, ingawa hakuwa amegusa. "Miye ni Mwislamu," akasema huku akijifuta. "Mambo haya siyataki, wallahi. Ndiyo maana siyashiki. Mwenye kufunga na aje afungue, kisha tutaongea habari ya baiskeli."

"Naifungua mwenyewe sasa hivi," nikasema, nikanyoosha mkono.

Msafara wote ukarudi nyuma. Mama mmoja akaita wanawe. Mzee mmoja akanishika shati, akanieleza kwa upole kwamba kago likifunguliwa na asiye mganga huruka, likamwingia aliye karibu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Nikaona basi, potelea mbali, nitasema kweli.

"Jamani, nisikilizeni. Pembe hii..."

Hapo macho yangu yakakutana na macho ya Kazungu, na mara nikamkumbuka jogoo.

Mnajua, Kazungu alipovimba tumbo alikuja kwangu na jogoo mzuri, mwenye mkia mrefu, akaniomba nimfungue. Nami nilikuwa na njaa. Nikamwekea mkono tumboni, nikamwambia nimekusamehe, nenda. Jioni tumbo likanywea, kama linywavyo tumbo lolote lenye fenesi. Jogoo tulimla kwa tui. Dorcas aliniuliza ametoka wapi, nikasema ni zawadi ya rafiki.

Sasa nikisema kago halikuwako, yule jogoo namweka wapi? Kijana ametoka vitani, mabega yake mnayaona.

"Pembe hii nini?" Kazungu akauliza.

"Pembe hii," nikasema, "ina nguvu sana."

"Aliyeifunga nani?" Mwidani akauliza.

"Mganga wa mbali."

"Aitwe."

"Amekufa."

Nilidhani nimemaliza maneno. Kumbe nimeyaanzisha. Watu wakanong'onezana kwamba kama mwenyewe amekufa, basi kago limebaki halina mtu wa kulituma wala kulirudisha. Mwidani akaisukuma ile nyeusi ndani na kusimama mlangoni.

"Nirudishie basi beberu wangu," nikamwambia.

"Beberu nimeshampokea. Na ameshakula kofia yangu."

Ilikuwa kweli. Kilikuwa kimebaki kipande tu, nacho kinaingia.

Ndipo yule mzee aliyenishika shati akasema aitwe Hawe Kache wa Bombolulu. Hawe ndivyo tunavyowaita bibi zetu sisi Wagiriama, na huyu ni bibi wa kila mtu. Hakuna mganga wa karibu anayeheshimiwa kumzidi. Wakamwendea mbio. Mimi nikakaa juu ya debe, nikimngoja mtu aje afungue kitu kisichofungwa.

Alifika akitembea taratibu, mfupi, amevaa hando lake la marinda kiunoni, fimbo mkononi. Kila mtu akamwamkia. Akachuchumaa mbele ya baiskeli. Akaitazama pembe, akaisogezea pua, akanusa. Akanusa tena. Kisha akanitazama mimi kwa muda nisioupenda.

"Rudini nyuma wote," akawaambia watu. "Mpaka barabarani. Mwenye baiskeli abaki."

Wakarudi, Mwidani mbele yao.

"Mjukuu wangu," Hawe Kache akaninong'oneza, "hii ni pembe ya ugoro."

"Ni ya marehemu mjomba, Hawe."

"Alikuwa na ugoro mzuri."

"Hawe, nisitiri. Nakuomba."

"Kukusitiri si kazi. Lakini mimi nimezeeka, na wagonjwa wangu wako Kiembeni. Magoti haya hayataki tena kwenda Kiembeni. Ile baiskeli nyeusi niliyoiona mlangoni, nyuma ina pa kukaa?"

"Ni keria tu, Hawe. Ya mizigo."

"Mimi ni mzigo mdogo."

"Nitakubeba, Hawe."

"Kila ninapokwenda?"

"Kila unapokwenda."

Nilikubali upesi, bila kuuliza siku wala saa. Ningeahidi hata kumbeba mpaka Malindi.

Akawaita watu warudi, wakae duara. Akasema kago ni gumu, lakini litatoka kwa njia iliyolileta, na lililetwa na uchoyo. Akaniamuru niitwike baiskeli kichwani, nizunguke karakana, na kila nikipita mbele ya watu niseme, "Nimeacha uchoyo."

Nikazunguka. "Nimeacha uchoyo." Pedali inanigonga sikio. "Nimeacha uchoyo." Mnyororo unanipaka mafuta shingoni. Watu wote walionyimwa baiskeli yangu tangu mwaka jana walikuwapo, na kila nikipita waliniambia hawakusikia vizuri, niseme tena.

Hawe Kache alikaa chini na pembe aliyokwisha kuifungua chini ya kiti, akajimwagia ugoro wa mjomba kiganjani, akaanza kuwaita wazee wa zamani kwa Kigiriama. Alipomaliza akageuka kuongea na mama mmoja habari ya muhogo wake ulioliwa na nguruwe. Nikapita. Nikapita tena.

"Bado, Hawe?"

"Bado."

Nguruwe wale walikuwa wengi, na habari yao ndefu. Nilikuwa karibu kuanguka alipokumbuka ugoro uliokuwa kiganjani. Akauvuta wote kwa mpigo mmoja. Macho yakamtoka. Akapiga chafya ambayo ilimwamsha beberu, akafuatisha nyingine, na nyingine.

"Limetoka," watu wakasema.

"Limetoka," Hawe Kache akasema, akijifuta. Pembe akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake, akaondoka nayo.

Mwidani akachukua spana yake. Mimi nikaichukua ile nyeusi. Wasomaji, niliipanda nikaenda nayo nyumbani, na njia nzima nilipiga kengele hata pasipo na mtu.

Dorcas alikuwa mlangoni. Akaizunguka. Akabonyeza tairi, akajaribu breki, akapiga keria kofi kusikia ugumu wake.

"Nimesikia umezungushwa na vyuma kichwani," akasema, "ukisema umeacha uchoyo."

"Nilikuwa namsaidia fundi kazi."

"Watu wa kwaya walikuwako, Baba Gona. Wote."

Nilingoja hasira. Lakini akaanza kucheka, akashika ukuta, akacheka mpaka machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baiskeli ilipoanza kubomoka. Nilifurahi sana. Nilijiona nimerudi kuwa mume mwenye kazi yake, na Jumapili kanisani niliimba kuliko walimu wa kuimba.

Jumatatu, kabla jua halijatoka vizuri, mahamri yalikuwa tayari. Dorcas akayapanga kwenye kapu kubwa, akayafunika kitambaa cheupe, moshi unapenya. Nikaenda kuitoa baiskeli, niliyoiegemeza nje ukutani wakati nikinawa uso.

Juu ya keria alikuwa amekaa Hawe Kache. Fimbo magotini, furushi la dawa mgongoni.

"Nimekuja mapema," akasema. "Kiembeni kuna mtoto ana homa."

Dorcas akatoka na kapu lake.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Yananukia vizuri."

"Asante. Naomba ushuke, Hawe. Hapo pana mzigo."

"Mzigo ndio mimi," Hawe Kache akasema. "Muulize mumeo."

Dorcas akanigeukia. Kapu alikuwa amelishika kwa mikono miwili.

"Hawe anakwenda wapi?"

"Kiembeni."

"Na mahamri?"

"Kambini."

"Kambi iko Kiembeni?"

"Haiko."

"Kwa nini basi amekalia keria yangu?"

Kulikuwa na jibu, lakini lilikuwa limefungwa kwenye ncha ya kitambaa cha Hawe Kache, naye alikuwa ameanza kukichezea kwa vidole. Na wakati huohuo Kazungu akatokea kwenye kona ya nyumba na kofia yake, akatuamkia sote.

"Mwambie wewe," Hawe Kache akaniambia kwa utaratibu, "au nimwambie mimi. Na kijana huyu naye asikie."

"Mama Gona," nikaanza, "ninampeleka Hawe mara moja, kisha ninarudi... Hapana. Mahamri kwanza. Hawe, wewe shuka kidogo tu... Hapana, usishuke."

Barabarani mkokoteni ukapita ukilia gurudumu. Kaka yake Mwanamkasi anauvuta, Mwanamkasi mwenyewe anatembea kando, na juu yake beseni limefunikwa kitambaa. Walikuwa wakielekea Nyali. Mwanamkasi akatupungia mkono kwa adabu.

Dorcas akauona ule mkokoteni. Akaniona mimi nimeshika usukani kwa nguvu, siendi Kiembeni wala kambini. Akaja, akanibandua vidole, kimoja kimoja, hakuniumiza. Akalitundika kapu kwenye usukani, akalikaza kwa kamba. Akajifunga leso yake vizuri kiunoni.

"Hawe, nishike," akasema. "Tutapita kambini kwanza. Mpishi akishapokea, nakupeleka Kiembeni."

"Sawa, mjukuu wangu."

"Mama Gona, utaanguka," nikasema. "Mama Gona, hujui..."

Akaweka mguu kwenye pedali, akasukuma mara moja, akaketi. Akaenda. Alikwenda sawasawa katikati ya njia, mgongo umenyooka, Hawe Kache nyuma amemkumbatia. Alipoufikia ule mkokoteni akapiga kengele, wakampisha, akawapita.

Kwanza nilifurahi, kwa maana yatafika ya moto. Kisha nikakumbuka jambo. Miaka yote hiyo ya ndoa mimi hubeba kwa sababu Dorcas hajui kuendesha baiskeli. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia hajui. Sikumfundisha, wala sikuwahi kumwona hata amekalia moja.

Kazungu alikuwa amekuja kusimama karibu nami, anamtazama anavyokata kona ya darajani. Mkononi alikuwa na hamri la moto, ambalo mimi sikumwona akipewa.

"Safari hii hakuyumba," akasema, mdomo umejaa.

"Safari nyingine aliyumba wapi?" nikamwuliza.

Kazungu akaacha kutafuna.